Bibi Anayeruka Bila Ungo

Mtu wa kwanza kumkataa Bibi Naja alikuwa mzee Apolinary, mwenye kiwanda cha kuchapa vitabu hapa Musoma. Nasema kiwanda kwa sababu ndivyo alivyoandika mwenyewe mlangoni. Ukiingia ndani unakuta mashine mbili, moja mbovu, maboksi ya vitabu vya kwaya, mitihani ya majaribio ya darasa la saba, na kalenda za mwaka juzi ambazo bado anatafuta mjinga wa kumuuzia. Huyo ndiye aliyetuambia kwamba hatujui soko.

Tulikaa mbele yake kwenye benchi, mimi na Mugeta. Mugeta ni mtoto wa mjomba wangu. Kazi yake ni kuchora mabango: saluni, bucha, kichwa cha mbuzi kwenye kibanda cha supu, majina ya mitumbwi kule mwaloni. Mimi ni Hyasinta, nina duka la kuchapa na kutoa kopi pale Nyasho, na mdomo wangu unajulikana. Tulikuwa tumetengeneza kitabu cha katuni, picha zake, maneno yangu. Ni habari za bibi kizee anayeitwa Bibi Naja. Ukivamiwa, ukiibiwa, ukipiga yowe popote ulipo, yeye anaitika "Naja!" na kweli anakuja. Anakuja kwa kuruka, kitenge amekifunga shingoni kinapepea mgongoni, miguuni ana katambuga za tairi, mkononi mwiko wa ugali.

Mzee Apolinary alilamba kidole, akafungua.

"Anaruka na nini huyu?"

"Anaruka tu, mzee," Mugeta akasema.

"Bila ungo?"

"Bila ungo."

"Basi ndio mbaya zaidi. Wenye ungo angalau tunawajua." Akafunua ukurasa mwingine. "Na kitenge hiki mgongoni, mbona hakina mtoto?"

"Ni cha kurukia, mzee. Kinapepea."

"Kitenge cha mgongoni kisichobeba mtoto kimebeba kitu kingine," akasema, na akageuka kuangalia mlango. "Halafu macho mekundu! Kijana, umenichorea mchawi. Mchawi amekamilika kabisa, amebakiza fisi tu wa kumpanda."

Akatupa na ushauri, bure, hatukuuomba. Bibi awe kijana. Awe amesoma. Avae tai. Na asiruke, apande pikipiki.

"Mzee wangu," nikamwambia, "mwenye pikipiki atamshangaza nani? Wamejaa pale stendi. Ukipiga yowe wanakuja kweli, wanasimama, wanakupiga picha, wanaondoka."

"Binti, mimi nimeanza kuchapa vitabu wewe hujazaliwa."

Vitabu! Sauti ya Kwanza na Sauti ya Pili, hivyo ndivyo vitabu vyake. Nikasonya mpaka Mugeta akanivuta mkono tukatoka.

Sasa nikwambie kwa nini niliumia vile, usije ukafikiri ni hasira ya kukosa umaarufu. Bibi Naja ana mwenyewe. Ni bibi yetu Wegesa, mama wa mama yangu, anakaa kijijini, wilaya ya Butiama, mbele ya Buswahili, karibu na mabwawa ya mto Mara. Mugeta alilelewa naye tangu wazazi wake walipofariki. Bibi anabanika samaki, wale kamongo wakubwa wa kwenye matope. Ni moshi kuanzia asubuhi mpaka jioni, na amekaa kwenye moshi huo tangu mama yangu hajaolewa. Macho yake ni mekundu. Yangekuwa meupe ndio ungekuwa uchawi.

Ila huko kijijini, mwanamke mzee, mjane, anakaa peke yake, ana macho mekundu, watu wameshamaliza hesabu. Jirani yake anaitwa Mwandu, mwanaume mwenye kitambi na maneno mengi. Ng'ombe wa Mwandu waliingia kwenye pamba iliyopigwa dawa, wakala, wakafa. Kila mtu aliona. Mwandu hakumwita bwana mifugo. Alisema Wegesa alipita hapo jana yake. Na watu wazima, wenye watoto sekondari, wakatikisa vichwa wakasema eeh, kweli alipita.

Basi ikaja siku ya mbuzi. Kwetu yowe si mchezo. Ukilisikia unaacha ugali mezani, unaacha kunyolewa hata kama umenyolewa upande mmoja, unashika fimbo unatoka, na unalipokea kwa mdomo wako ili wa mbali naye asikie. Usipotoka, baraza la wazee linakutoza mbuzi. Ukilipiga bila sababu, nawe unatozwa mbuzi. Ndivyo ilivyokuwaga tangu zamani za mababu. Sasa mwaka jana, siku ya mnada, mchana kweupe, wezi waliingia zizini kwa bibi wakaswaga mbuzi wake wote. Bibi akapiga yowe mpaka sauti ikamkauka. Mwandu alikuwa amekaa mlangoni kwake anatafuna muwa. Hakutoka. Na kwa kuwa yeye wa karibu hakulipokea, wa mbali nao wakajifanya ni upepo. Baraza halikukaa. Ungemshitaki nani, na wazee wa baraza wenyewe walikuwa ndani wamefunga milango?

Mugeta alipopata habari hakutukana. Nilitukana mimi kwa niaba yake. Yeye aliingia chumbani akatoka na karatasi moja: bibi yuko angani, kitenge kinapepea, anasema "Naja!"

"Dada Hyasinta," akaniambia, "nataka watoto wa kule wamsome. Wakishamsoma huyu, wakimwona bibi hawatamkimbia."

Maana walikuwa wameanza kumkimbia. Na Mwandu alikuwa ameanza kusema bibi ahame kijiji. Hayo ni maneno mabaya sana kwetu. Yakisemwa mara ya kwanza watu wanacheka, yakisemwa mara ya pili watu wananyamaza, na mara ya tatu hayasemwi, yanatendwa. Ndiyo maana tulikitaka kitabu kile kitoke, na kifike kule, na kifike mapema.

Tulipotoka kwa Apolinary tulienda kwenye shirika moja Kamunyonge, lenye ofisi ya kiyoyozi na mabango ya watoto wanaocheka. Mkubwa wao alikuwa madamu Tabitha, ndio kwanza ametoka semina. Huyu alimpenda Bibi Naja. Ole wako ukipendwa na mtu wa mradi.

"Ni mwanamke, ni mzee, ni wa kijijini," akasema. "Ni mlengwa kabisa! Ila hapa anapita juu ya ziwa na hana jaketi la kuokolea."

"Anaruka, madamu," nikasema. "Yuko juu."

"Najua, mpenzi. Lakini wafadhili wataona maji."

Akataka pia kwamba Bibi Naja, kabla ya kumkamata mwizi, asimame anawe mikono kwa sabuni, ukurasa mzima, ili ujumbe ufike. Nikamuuliza mwizi atakuwa anafanya nini wakati huo.

"Mwizi naye anawe," madamu Tabitha akasema, na hakuwa anatania.

Mugeta, kwa upole wake wa kijinga, alienda nyumbani akajaribu kumchorea bibi jaketi. Alionekana kama boya. Tukapeleka hivyo hivyo, na baada ya kusubiri sana tukaambiwa mradi umehamia kwenye nyuki.

Tukatuma kwa wachapishaji wa Mwanza. Wakajibu kwamba wamepokea, na mpaka leo wanaendelea kupokea. Tukatuma Dar es Salaam. Huko walijibu vizuri kabisa, kwa heshima zote, kwamba wasomaji wa Kitanzania hawajawa tayari kwa jambo kama hili. Nilitamani kuwauliza wasomaji hao waliwakuta wapi wakawahoji wote.

Mugeta naye akawa anajifariji na simu. Alisoma kwamba hata huko Marekani, yule wa kwanza kabisa wa kuruka na shuka mgongoni, vijana wawili waliomtunga walizungushwa miaka. Kila mchapishaji aliwaambia ni upuuzi, ni utoto, hauuziki.

"Unaona dada? Hata wao."

"Naona," nikasema. "Naona ujinga una matawi dunia nzima. Makao makuu tu ndiyo sijayajua. Na mwisho wao ulikuwaje?"

Akasogeza simu kwa kidole. "Mwisho walipata wa kuwakubali. Wakasaini haraka haraka. Shujaa akawa si wao tena."

Nilimwambia alishike hilo somo. Hakulishika, kama utakavyoona.

Bunda kuna bwana anaitwa Gasper. Anachapa fulana za kampeni, kadi za harusi, na picha za waheshimiwa wakiwa wanapungia watu ambao hawapo. Tulimkuta anakula chipsi mayai juu ya meza ya kazi. Alizifungua kurasa zetu kwa mkono ule ule, na kila alipogusa akaacha alama ya mafuta. Akaangalia, akacheka, akaangalia tena. Halafu akasema neno ambalo tulikuwa hatujalisikia kwa mtu yeyote.

"Nachukua."

Mugeta akashika magoti yake kwa mikono yote miwili.

"Kizee huyu anatisha!" Gasper akasema. "Safi sana. Macho haya! Ila mmemkosea nafasi. Huyu ndiye adui. Mfanye mchawi wa kijiji, anaua ng'ombe, anawanga. Halafu mtafutie kijana msafi, shujaa, anamkamata, na ukurasa wa mwisho wananchi wanamfukuza kwa mawe. Hiyo watu watagombania. Nachapa nyingi, nasambaza mpaka mashuleni. Butiama yote, Bunda yote."

Nilisubiri Mugeta asimame. Nilikuwa nimeshaokota mkoba wangu.

"Naweza," Mugeta akasema. "Kuchora naweza."

Sikusema neno mle ndani, na wanaonijua hawaamini nikiwasimulia. Niliyasema yote stendi ya Bunda, mbele ya wauza mahindi.

"Mugeta! Umekula ile pamba yenye dawa na wewe? Mwandu anamtangaza bibi kwa mdomo, wewe unaenda kumchapia kwenye karatasi? Bure kabisa! Bibi amekulea kwa moshi ule!"

"Nimechoka, dada," akasema. "Wote wamekataa. Wote. Tukiingia na hiki, cha pili tunamrudisha anakuwa mzuri. Halafu bibi hajui kusoma."

"Bibi hajui kusoma. Mwandu je, ni kipofu?"

Aliporudi Musoma alichora kurasa za majaribio kama Gasper alivyotaka. Nikamwambia, haya, basi angalau mchore kizee mwingine. Kuna vizee vingi, chora mrefu, chora mnene. Akajaribu mbele yangu. Alianza na mnene akatoka Wegesa mnene. Akaanza na mrefu akatoka Wegesa mrefu. Mkono wake haujui kizee mwingine, maskini. Akautupa wino akasema basi, Gasper anataka huyu huyu.

"Sawa," nikasema. "Lakini kabla hujasaini, tutaenda kumwonyesha mwenye uso."

Alipinga. Nilimwambia kwamba asipoenda nitazipeleka mwenyewe, na anajua nitakavyozieleza. Akaenda.

Tulimkuta bibi kwenye kibaniko chake, ameinama, anageuza kamongo kwa kijiti, machozi ya moshi yanamtiririka. Ilikuwa Jumapili, watu wameshatoka kanisani. Tukamwamkia.

"Marahaba. Mume wangu, mbona umekonda? Huyu mke mwenzangu hakulishi?" Ndivyo anavyotuita tangu wadogo. Mugeta ni mume wake, mimi ni mke mwenzake.

"Mumeo hataki kula, bibi," nikasema. "Anataka kusaini."

Nikampa zile kurasa za kwanza, za Bibi Naja. Akafuta mikono kwenye kanga, akazishika mbali na uso.

"Huyu ni nani?"

"Ni wewe," Mugeta akasema.

"Mimi? Naruka?"

"Unaruka, bibi."

"Ningekuwa naruka ningebeba ndoo kichwani kutoka kisimani?" Akacheka mpaka akakohoa, akashika ubavu. "Na mwiko! Mnaona huyu mwizi alivyopigwa mwiko! Jamani, jamani."

Mugeta alikuwa anacheka naye. Nilisikia vibaya, lakini nikazitoa zile nyingine nikaziweka juu. Bibi akaendelea kucheka kidogo, halafu akaacha. Aliangalia kizee mwenye macho yaliyopakwa rangi nyekundu. Akaangalia ng'ombe waliolala miguu juu. Akaangalia ukurasa wa mwisho, watoto wameshika mawe. Aliweka kidole juu ya lile jicho, akakitoa.

"Hata wewe, mume wangu?"

Mugeta akaanza kueleza. Akaeleza soko, akaeleza Gasper, akaeleza kitabu cha pili. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo mimi nisingeliweza.

"Huyu wa kwanza," bibi akasema, "akisikia yowe anafanyaje?"

"Anasema Naja. Anakuja."

"Ulimtoa wapi?"

"Nilimtunga, bibi."

"Ukamtunga wa nini? Wewe huna miguu?"

Mugeta akainamisha kichwa. Mimi pia nilitazama chini, maana na mimi nina miguu, na siku ile ya mbuzi niliposikia habari niliandika maneno ya katuni.

"Nenda kasimame kule kisimani," bibi akamwambia. "Ukinisikia, uje."

Akaenda. Kisima kiko ng'ambo ya kwa Mwandu. Bibi akasubiri mpaka alipomwona amefika. Akakaza kanga kiunoni, akasimama katikati ya uwanja, akaweka kiganja mdomoni, akapiga yowe.

Nilijua linakuja na bado niliruka. Hilo si yowe la mtu anayejaribu. Alilipiga kama siku ile ile ya mnada, lote, mpaka kuku wakaingia ndani. Na kule kisimani Mugeta akatimua mbio.

"Naja!" anapiga kelele. "Bibi, naja! Naja!" Na huku analipokea yowe, analipiga na yeye, sauti imepasuka, anakimbia analia. Viatu vimemtoka. Akapita katikati ya uwanja wa Mwandu.

Sasa yowe moja mtu anaweza kujifanya hajalisikia. La pili linalopita mbele ya pua yako huliwezi. Benson wa mashine ya kusaga akalipokea kule juu, wala hakujua ni la nani. Wa mbele yake wakalipokea. Mara vijana wanakuja na fimbo, mara wanawake na michi, mara mzee Chrispin wa baraza anakuja na panga na bado amevaa suti ya kanisani. Wote wanapita kwa Mwandu, na wote wanamwona amekaa. Angebaki pale angeonekana na kijiji kizima. Akainuka. Akaja na rungu, kitambi mbele, mguu mmoja una ndala na mwingine hauna.

"Kuna nini? Mwizi yuko wapi?"

"Hakuna mwizi," bibi akasema. "Nilitaka kujua kama mnasikia."

Watu wakatazamana. Mwandu ndiye aliyepata akili wa kwanza, au alifikiri ameipata.

"Yowe la bure!" akasema. "Mmesikia wenyewe! Amepiga la bure, na amekiri! Hiyo ni mbuzi! Mzee Chrispin, si ni mbuzi?"

"Ni mbuzi," mzee Chrispin akasema.

"Ni mbuzi, sikatai," bibi akasema. "Itisheni baraza, leo hii, hapa hapa, nami nitalipa, hata kama ni wa kununua. Lakini likishakaa lisiinuke. Tumalize na lile yowe langu la siku ya mnada." Akanyoosha kile kijiti chake cha kugeuzia samaki, kinatoa moshi nchani. "Hukutoka, mbuzi. Wewe hukutoka, mbuzi. Mwandu, ulikuwa unakula muwa, nilikuona, mbuzi. Mzee Chrispin, mbuzi. Mimi natoa mmoja. Nyie hesabuni wenu."

Weee! Wanaume wazima, wenye marungu na mapanga, wanaangalia vidole vya miguu. Benson alianza kucheka, akajikohoza. Mzee Chrispin akaweka panga chini ya koti.

"Baraza leo haliwezekani," akasema. "Watu wengi wako mashambani."

Jumapili! Na watu wote wamesimama mbele yake! Nilitaka kumwambia, lakini bibi alinitazama nikafunga mdomo, mara ya pili katika habari hii.

"Sawa," bibi akasema. "Litakapowezekana mniambie. Lakini aliyeitikia yowe langu hatoki mikono mitupu."

Akatoa pande la kamongo kwenye kibaniko, nono, linachuruzika. Akatafuta kitu cha kulifungia. Kwenye kigoda zilikuwepo karatasi za Gasper. Akazichukua, akafunga samaki ndani yake, akakunja vizuri pembe zote, akamnyooshea Mwandu.

"Mpelekee mama watoto."

Kula cha mtu unayemwita mchawi, nani anathubutu? Na kukataa, mbele ya watu wote, ni kusema kwa mdomo wazi kile ulichokuwa unakisema pembeni, halafu baraza likae, halafu mbuzi. Mwandu alijua. Mafuta yalikuwa yameshapenya kwenye karatasi na lile jicho jekundu linaonekana nje, linamtazama yeye.

Akapokea. Kwa vidole viwili, lakini alipokea.

"Asante, mama," akasema.

Nilicheka mimi. Sina aibu kusema, nilicheka kwa sauti, na alipokuwa anaondoka na ndala yake moja nikamwambia asikanyage miiba.

Gasper alipiga simu siku chache baadaye. Mugeta akaweka sauti ya nje ili na mimi nisikie.

"Kijana, kurasa zangu ziko wapi? Mashine inasubiri."

"Zimefungia samaki," Mugeta akasema.

"Zimefanya nini?"

"Zimefungia samaki, kaka Gasper. Kamongo. Mafuta yamezienea."

Gasper akamtukana, akamwambia bahati haiji mara mbili, na kwamba bibi wa kuruka ataruka naye mpaka azeeke. Mugeta akasema asante, akakata simu. Mimi nilikuwa nimeandaa matusi yangu vizuri, nikabaki nayo.

Tangu hapo ameuchora upya ukurasa wa mwisho. Bibi haruki tena. Amesimama uwanjani kwake, kiganja mdomoni, na kijiji kizima kinakuja mbio, na mbele kabisa kuna mwenye kitambi na ndala moja. Tuliupeleka kwa mzee Apolinary, kwa sababu jeuri yangu haijui kupumzika. Akalamba kidole. Akaangalia muda mrefu.

"Watu ni wengi mno," akasema. "Shujaa ni yupi hapa?"

"Ni huyo anayepiga yowe," Mugeta akamwambia.

"Huyo si ndiye anayetaka kuokolewa?"

Nikachukua karatasi zetu. Mzee mzima, mashine mbili.

Usije ukafikiri kijiji kimempenda bibi. Thubutu! Wanaogopa mbuzi, basi. Kila mtu anajua lile baraza halijakaa na linaweza kukaa. Lakini juzi cheche za kibaniko zilishika paa la jiko lake, bibi akapiga yowe, la kweli. Jioni akanipigia simu. Nilisikia sauti imekauka, nikaogopa, nikamuuliza kama kuna aliyekuja.

"Mke mwenzangu," akasema, "wamekuja mpaka wamenikanyagia mihogo yote. Mwandu ndiye alikuwa na ndoo ya kwanza. Na mwambie mume wangu, hakuna hata mmoja aliyeruka."